Mbwa na kuku uwanja mmoja: ukiona hivi, chanzo ni hiki, fanya hivi

Hapa Tanga nyumba nyingi zenye mbwa zinamfuga kwa ulinzi, mchana anafungwa usiku anafunguliwa, na uwanja huohuo ndo una kuku wa kienyeji wanazunguka toka asubuhi mpaka magharibi. Afu siku kuku anakutwa chini manyoya yametapakaa, kila mtu anakuja na dawa yake, fimbo, njaa, mfungie huyo kuku shingoni, mpeleke porini kabisa. Mi nasema fimbo isubiri. Kuku aliyeuawa kwa sababu mbwa alikuwa analinda chakula chake, na kuku aliyeuawa na mbwa mdogo aliyetaka kucheza, wote wamekufa ni kweli, lakini mbwa hao wawili hawana shida moja na ukimpa huyu dawa ya yule unamharibu zaidi. Kwaiyo tuanze na ulichokiona, tutafute chanzo, ndo tuje kwenye cha kufanya.

Una uhakika ni mbwa?

Ukanda huu wa pwani kuku ana maadui kibao. Mchana kuna mwewe, kuna hawa kunguru weusi wenye shingo ya kijivu wanaochukua vifaranga na mayai mbele ya macho yako, kuna nguchiro wanatoka vichakani watu wakishaenda kazini. Usiku kuna kicheche, kanu na fungo, panya buku nae anavuta vifaranga kwenye shimo, na ukiwa pembeni ya mji chatu nae anapita. Kenge ndo usiseme, mayai na vifaranga kwake ni halua.

Angalia hivi. Kuku hayupo kabisa, hata unyoya huoni: fikiria chatu, au mwizi wa miguu miwili. Wamekufa kadhaa usiku mmoja ndani ya banda, wameng'atwa shingoni au kichwa hakipo: hiyo ni kazi ya kicheche na ndugu zake, tafuta tundu walilopitia. Mbwa mara nyingi anaacha fujo ya wazi, manyoya uwanja mzima maana alimkimbiza, manyoya ya mgongoni na mkiani yamelowa mate, ngozi imechanika kiunoni au chini ya bawa, na mwili upo mzima hajaula. Na mbwa kukutwa na kuku mdomoni sio ushahidi wa kutosha, anaweza kuwa ameokota kilichouliwa na mwingine. Kama kuku walikuwa wamefungiwa usiku na mlango hauna kasoro, mtoe mbwa kwenye lawama kwanza uzunguke banda.

Anashambulia kuku wakati wa kula tu

Hii kwa maoni yangu ndo inaua kuku wengi kuliko zote, na ndo rahisi kuliko zote kuitibu, sema watu hawaioni. Mbwa kawekewa ugali wake wa dona na dagaa au utumbo, bakuli lipo chini ya mwembe, kuku wa kienyeji hajui adabu anakuja mbio anadonoa humohumo. Mbwa ananguruma, kuku haelewi kunguruma, mbwa anauma. Siku nyingine zote anapishana na kuku haohao hana habari nao.

Huyo hana hamu ya kuwinda, analinda riziki yake. Usimfundishe chochote, badilisha utaratibu. Mlishe sehemu iliyofungwa, bandani kwake au nyuma ya mlango, mpe kama robo saa amalize, afu toa bakuli hata kama kabakisha. Kuku nao wape mtama au chenga za mchele kabla, wawe wameshiba wasiwe na sababu ya kumzengea. Na angalia mbwa anashiba kweli, maana mbwa anayepewa makombo mara moja kwa siku hawezi kuwa mkarimu. Bakuli lake liwe lake peke yake pia, nyumba nyingi huku mate ya mbwa ni najisi na chombo alichoramba kinaoshwa mara 7 moja yake kwa udongo, kwaiyo ukitenga vyombo umetatua mambo mawili kwa pamoja na bibi wa nyumba atakushukuru.

Ananyatia, anaganda, macho hayabanduki

Hapa sasa ndo penye kazi. Mbwa anaona kuku anasimama ghafla, mdomo unafungwa, masikio mbele, mkia umetulia hautikisiki, pengine mguu mmoja wa mbele kaunyanyua, shingo kainyoosha. Ukimwita jina ni kama haujaongea. Kuku akipiga mabawa tu keshatoka.

Huo ni uwindaji, uko kwenye damu, haumaanishi mbwa mbaya wala ana njaa. Mbwa anazaliwa na mnyororo wa vitendo: kuona, kukodoa, kunyatia, kufukuza, kukamata, kuua. Kuna mbwa mnyororo wake unaishia kwenye kukodoa, kuna mwingine unafika mwisho. Na jambo la kujua ni kwamba kila akifanikiwa kufukuza amejilipa mwenyewe, ile raha ya kukimbiza ndo mshahara wake hata asipokamata. Ndo maana kazi ya kwanza sio somo, ni kuhakikisha hapati nafasi ya kufukuza hata mara moja wakati unamfundisha. Ukimfundisha asubuhi afu mchana akawakimbiza mpaka barabarani umerudi nyuma ya ulipoanzia.

Unahitaji mkanda wa shingo usiochomoka, kamba ndefu ya mita 8 hivi, na zawadi. Kamba ya katani ni nzuri kuliko ya nailoni, nailoni mbwa akiivuta inachana viganja, na huku kwenye mji wa mkonge kamba ya katani haijawahi kuwa shida kuipata. Zawadi chukua mapafu ya ng'ombe kwenye bucha, ni bei ndogo, chemsha kata vipande vidogo kama punje ya karanga. Usitumie ugali, ugali anaujua, unataka kitu atakachokiota.

Muda wa kufundisha ni alfajiri jua halijakolea au baada ya alasiri. Joto la Tanga saa saba mchana mbwa anahema tu hashiki kitu. Dakika tano mpaka kumi zinatosha, mara mbili kwa siku.

Anza na neno "acha" ndani, kuku hawapo kabisa. Shika kipande cha pafu kwenye ngumi, mbwa atanusa atalamba atakwangua kwa kucha, we kaa kimya. Sekunde atakayorudisha pua nyuma sema "ewaa" mpe kipande kingine kwa mkono wa pili, sio kile cha kwenye ngumi. Rudia mpaka ukiweka ngumi tu anajitoa mwenyewe, hapo ndo unaingiza neno "acha" kabla hajajitoa. Anachojifunza ni kwamba kuachia kitu kunaleta kitu kizuri zaidi, na hilo ndo unalitaka siku kuku anapita puani kwake.

Ukishapata hilo toka nje, kuku wawe mbali, mbali kweli, hata mita 20 kama uwanja unaruhusu, kama hauruhusu kuku wawe bandani we usimame nje ya wavu upande wa mwisho. Umbali sahihi ni ule ambao mbwa anawaona kuku lakini ukimwita bado anakusikia. Hicho ndo kipimo, usihangaike na kingine. Akiwaangalia afu akageuka kukuangalia we, hapohapo "ewaa" na pafu mdomoni. Papo hapo, ndani ya sekunde moja au mbili, ukichelewa unamlipa kwa kitu kingine alichokifanya katikati. Akiganda na hasikii jina, umemsogeza sana, rudi nyuma hatua kadhaa bila kelele, usimvute kwa hasira maana kamba ikikaza na yeye anakaza. Dalili unazotaka kuziona ni mwili kulegea, ananusa chini, anapiga mwayo, anageuka pembeni, anajilaza.

Kila siku chache punguza hatua mbilitatu. Wengine ndani ya wiki chache wanatulia, wengine inakula miezi, usishindane na jirani.

Sasa wengi wanaishia hapa, mbwa amelala kuku wanakula pembeni, wanapiga picha wanasema tayari. Bado. Kuku aliyetulia ni mtihani mwepesi. Mtihani ni kuku anayekimbia na kupiga mabawa, kwaiyo ukiwa umeshika kamba mwambie mtu arushe mtama waje mbio, halafu siku nyingine awafukuze kidogo warukeruke, na urudi na umbali mkubwa kama ulivyoanza maana kwa mbwa hilo ni somo jipya. Akilipita hilo, mwachie kamba aiburuze chini wewe ukiwepo, ukiona ananyatia unaikanyaga. Kumwacha bila kamba ni baadae sana, na kumwacha bila kamba na bila wewe ni baadae zaidi, na kwa mbwa wengine siku hiyo haiji.

Uzao nao una maneno yake. Mbwa koko wa mtaani waliozaliwa katikati ya kuku wengi wao wanaelewana nao tu, walianza kuwaona macho yakifunguka. Anayeletwa mkubwa kutoka sehemu isiyo na kuku, awe jamani shepadi awe chotara wa nini, ndo anakuja na maajabu. Na wakiwa wawili usiwafundishe pamoja, kila mmoja peke yake kwanza, mbwa wawili wakichemka wanafanya jambo ambalo mmoja asingelifanya.

Anatikisa mkia, anainamisha kifua, kuku anakutwa amelowa mate

Huyu ni kijana, mara nyingi kati ya miezi minne na mwaka na nusu. Anaweka kifua chini makalio juu, anaruka huku na huku, anamkamata kuku anamwachia anamkamata tena. Anacheza. Kuku anakufa kwa mshtuko au kwa kubanwa, na mbwa anabaki anamsukuma kwa pua kwanini haruki tena.

Chanzo ni nguvu nyingi zisizo na pa kwenda. Mtoe atembee kabla kuku hawajafunguliwa, mpeleke ufukweni Sahare asubuhi mapema maji yakiwa yametoka akimbie mpaka ulimi uning'inie, mpe kitu cha kutafuna, mfupa mbichi wa ng'ombe au kipande cha kamba nene kilichofungwa fundo. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inapasuka vipande vikali vinaweza kumchoma utumbo. Somo la kamba nililoeleza juu linamfaa huyu pia na yeye anashika haraka kuliko mwindaji, ila usimwamini mpaka avuke ujana.

Nikiwepo mpole, nikitoka tu anaua

Asilimia kubwa huyu alipigwa. Hakujifunza kwamba kuku haguswi, alijifunza kwamba kugusa kuku baba akiwepo kunaleta fimbo. Baba asipokuwepo hakuna fimbo, mahesabu yake yamekaa sawa kabisa, mwenye kosa sio yeye. Na kama alipigwa nusu saa baada ya tukio hata hilo hakulielewa, alichojua ni kwamba ukirudi nyumbani unakuwa mkali, ndo maana anajikunyata ukifungua geti na watu wanasema "unaona, anajua alichofanya". Hajui. Anasoma uso wako.

Hapahapa niseme na ile ya kumfungia kuku aliyekufa shingoni mpaka aoze. Wazee wetu waliifanya na wapo watakaokuapia inafanya kazi, ila fikiria mbwa anachokielewa pale, anatembea na harufu ya nyama siku nzima, na kwa joto letu siku ya pili una nzi na funza shingoni kwa mbwa na hakuna atakayekaa nae karibu. Hakuna kinachomwambia ni kwa sababu ya kukimbiza.

Cha kufanya: asibaki huru na kuku usipokuwepo, kuwe na wavu au mlango kati yao, haina mjadala. Halafu jenga kutokuwepo kwako kidogokidogo. Mfunge kamba kwenye nguzo ambapo hawafikii, ingia ndani chungulia dirishani, akilala au akigeuka toka na zawadi. Ongeza muda taratibu. Unataka utulivu uwe na faida hata asipokuona.

Kwenye mnyororo anabweka na kuruka mchana kutwa, akifunguliwa anawaendea moja kwa moja

Kuku sio mjinga bwana. Anajua urefu wa mnyororo mpaka inchi, anachakura pale mwisho kabisa ambapo mbwa hafiki, na mbwa anaangalia hivyo kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Kila dakika anajazwa hasira. Siku mnyororo ukikatika ndo tunasema mbwa kawa mkali ghafla, wakati sisi ndo tulikuwa tunamkaanga siku nzima.

Mhamishe sehemu ambayo kuku hawapiti, nyuma ya nyumba au mjengee banda la fito na kuta zilizozibwa asiwaone. Kivuli na maji lazima. Na mchana mtoe hata mara mbili kwa kamba anyooshe miguu.

Angalia pia saa ya kupokezana. Mbwa afunguliwe kuku wakishaingia na komeo limefungwa. Asubuhi mbwa afungwe kwanza ndo banda lifunguliwe, sio kinyume, maana kuku wakifunguliwa wanatoka kwa fujo wanarukiana mabawa juu na hakuna picha inayomwita mbwa kama hiyo. Nyumba yenye watu wengi mpe mtu mmoja hiyo kazi, ikiwa ya kila mtu siku moja mtoto atafungua banda mbwa bado anazurura.

Nyumba yenyewe ndo inamfundisha

Hiki chanzo watu hawapendi kukisikia. Mama kaanika makopa au mpunga kwenye jamvi, kuku wamevamia, mtoto anapiga kelele "kamata! shika huyo!" mbwa anakurupuka kuku wanatawanyika watu wanacheka mbwa anapigwa pajani kwa kusifiwa. Kesho yake akifanya hivyohivyo bila kutumwa anachapwa. Sasa afuate lipi?

Na kumtuma afukuze kunguru ni balaa lilelile, kwake mabawa ni mabawa. Kaeni kikao cha nyumba mkubaliane, hakuna kumtuma mbwa kwa ndege yoyote. Makopa yawekewe chandarua kibovu juu, au mtoto akae nayo na fimbo ya mnazi. Siku ya kuchinja vilevile, iwe Idi au mgeni kaja, mbwa awe mbali ambapo haoni, kuku aliyechinjwa anavyorukaruka chini ni darasa la uwindaji, na ile tabia ya kumrushia kichwa na utumbo hapohapo chini ya kisu iacheni, utumbo upikwe apewe kwenye bakuli lake baadae.

Kuku wakubwa hawagusi ila vifaranga anamaliza

Kwa mbwa kifaranga sio kuku mdogo, ni kitu kidogo kinachokimbia na kulia pii pii, yaani panya. Kumzoesha kuku wakubwa hakuhamii kwa vifaranga, ni somo lingine. Mi sipotezi muda kufundisha hilo, vifaranga viwe ndani ya tenga au chumba chao na mama yao mpaka vimekuwa na manyoya kamili, wiki sita hivi, utaviokoa na kunguru na mwewe pia.

Na koo mwenye vifaranga ana ugomvi wake. Anamrukia mbwa usoni bila kuulizwa, mbwa mpole anajitetea kwa meno, koo kafa. Majogoo ya kuchi nayo, yale marefu yenye shingo ndefu, mengine yanamtafuta mbwa mwenyewe. Hapo mwenye tatizo ni kuku na huwezi kumwadhibu mbwa kwa sababu kuku ndo kamvamia. Tenga koo. Na kuku wanaoruka wavu kuingia upande wa mbwa punguza manyoya marefu ya bawa moja tu kwa mkasi, moja sio mawili, akiruka anapinda anaanguka. Yataota tena akinyonyoka, utarudia.

Mayai na kinyesi

Mbwa mla mayai karibu wote walianza na yai lililopasuka. Okota mayai mara mbili kwa siku, viota viwe juu usawa wa kifua, kuku anayetaga vichakani mfuatilie. Kuna wanaotia pilipili ndani ya yai, wengine inawasaidia, wengine mbwa anakula na kulamba midomo, jaribu ukitaka. Kuku akilidonoa hilo yai hatasikia kitu, ndege hawasikii ukali wa pilipili.

Kinyesi cha kuku mbwa wengi wanakila. Fagia, maana kinaweza kumpa vimelea vya kuharisha, na kama kuku wapo kwenye dawa basi na mbwa anazipata kidogokidogo.

Alikuwa mzuri miaka yote, amebadilika ghafla

Hapa acha mambo yote ya kufundisha. Mbwa aliyekaa na kuku vizuri afu ndani ya siku mbili tatu anang'ata kuku, anang'ata ndoo, anang'ata hewa, au aliyekuwa mkali kawa mpole ajabu, mate yanatoka, hamezi vizuri, sauti imebadilika, anatembea kama amelewa, hicho kinaweza kuwa kichaa cha mbwa. Usimsogelee, usimfungue mdomo eti kuangalia kama kakwama mfupa, mfungie kama inawezekana bila kumgusa, watoto waingie ndani, mpigie afisa mifugo wa kata. Aliyeng'atwa au kurambwa kwenye kidonda aoshe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 nzima na aende hospitali siku hiyohiyo, asisubiri kuona mbwa anaendeleaje. Ugonjwa huu dalili zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona, lakini chanjo ikiwahi inazuia. Na mbwa wako mchanje kila mwaka, kampeni zinafanyika hasa karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani.

Mabadiliko mengine ni ya kawaida zaidi, jike lenye watoto halitaki kiumbe karibu, mbwa mwenye maumivu ya sikio au kupe wengi anakuwa na hasira, mzee asiyeona vizuri anashtuka kuku akimgusa. Mkague mwili mzima kabla hujamhukumu.

Kuku wetu anawaheshimu, wa jirani anawaua

Kwa mbwa kuku wenu ni watu wa nyumbani, wa jirani ni wageni wameingia eneo lake. Kumbe ndo kazi uliyomwekea. Ukitaka awaheshimu na hao itabidi umfundishe kwa kuku tofautitofauti, na ukweli ni kwamba ukuta au ua wa mabati unafanya kazi haraka zaidi.

Kuku akishakufa nenda mwenyewe, usisubiri jirani aje. "Shikamoo mama, samahani sana, mbwa wetu kaua tetea wako, niambie bei tumalize." Hapo utasikia "marahaba baba, haya, kuku anakufa, ujirani ubaki," na ukilipa siku hiyohiyo haifiki kwa mwenyekiti wa mtaa. Ukimficha ukaja kugundulika kesi inakuwa ya mbwa wako kila kuku akipotea hata aliyechukuliwa na kicheche. Na kama kuku kajeruhiwa yuko hai, mtenge na wenzake maana wakiona damu watamdonoa, osha kidonda kwa maji ya chumvi, muone mtu wa mifugo kwa dawa, meno ya mbwa yanaacha uchafu ndani hata tundu likionekana dogo.

Nimefanya yote, habadiliki

Wapo. Mbwa aliyeshaua mara kadhaa na kuonja raha yake, hasa mkubwa, unaweza kumfanya akusikilize ukiwepo lakini kumwacha huru na kuku ni kamari. Huyo ni wa kutenganisha maisha yake yote na hakuna aibu, analinda usiku kuku wamelala ndani, basi.

Ila tenganisha kwa kitu cha maana. Ule wavu mwembamba wa kuku wenye matundu ya pembe sita ni wa kumzuia kuku asitoke, sio wa kumzuia mbwa asiingie, mbwa aliyekusudia anauchana kwa meno. Upande wa chini weka wavu wa waya mgumu uliochomelewa mpaka usawa wa kiuno, juu ndo umalizie na mwembamba, jumla isipungue mita moja na nusu, na mbwa mrukaji ongeza. Chini mbwa atachimba, kwaiyo waya uingie ardhini futi moja au uukunje nje uulaze juu ya ardhi afu upange mawe ya matumbawe juu yake, atachimba pale ukutani atakutana na waya ataacha. Mlango uwe na komeo la kuzungusha, sio kamba ya kufunga fundo. Na upepo wetu wa chumvi unakula waya kimyakimya, unaanzia kule chini kwenye unyevu ambapo majani yamefunika huoni, kwaiyo kila baada ya masika vuta majani, piga teke kidogo kuzunguka banda zima, panapolia kavu kama karatasi badilisha kipande hicho kabla mbwa hajakigundua yeye.